Habari za Bwana Pierre Budin, Mganga wa Watoto Wachanga

Msomaji wa Shinyanga, wa Kahama au wa Geita hana haja ya kuelezwa sana jambo hili, maana amekwisha kuliona nyumbani mwake au kwa jirani yake. Mama ajifungua kabla ya miezi yake kutimia. Mtoto ni mdogo, ngozi yake ni nyembamba, sauti yake haisikiki. Wauguzi humtwaa upesi wakampeleka katika chumba cha joto, naye mama hubaki kitandani mikono mitupu. Pengine mtoto hupelekwa mbali, hata Bugando huko Mwanza, na mama aliyepasuliwa hawezi kumfuata siku ile. Baba yuko machimboni, au amesimama nje ya lango akiagizwa kununua hiki na kile. Ndugu wauliza jina la mtoto, na mama haogopi neno jingine kama kuulizwa jina.

Tena watoto wa namna hii hawatazidi kupungua hospitalini, bali wataongezeka, na sababu yake ni njema. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, pamoja na wenzao, walifanya kazi ya kuwazoeza wakunga kuwaamsha watoto wanaozaliwa bila kupumua. Kazi hiyo ilifanyika katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano, nayo ni Manyara, Tabora, Mwanza, Geita na Shinyanga. Habari zake zilipotangazwa mwaka wa 2025 ilionekana ya kuwa vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na katika siku ya kwanza vimepungua kutoka 15.3 hata 12.5 kwa kila watoto 1000. Basi mtoto aliyeamshwa hivyo, kama ni mdogo sana, hana budi kulazwa siku nyingi. Wauguzi watamtunza yeye. Na wazazi wake je?

Mtu mmoja aliliuliza swali hili mapema, zaidi ya miaka mia na ishirini iliyopita. Jina lake ni Pierre Budin, Mfaransa. Waganga wanamjua sana, lakini kwetu habari zake hazikusomwa na wengi.

Alizaliwa tarehe 9 Novemba 1846 katika kijiji cha Enencourt-le-Sec, upande wa kaskazini wa Ufaransa. Akasomea uganga katika Paris, akachagua kazi ya uzazi. Siku zile kazi hiyo haikuwa na sifa nyingi. Hospitali za uzazi zilikuwa mahali pa maskini, watumishi wa nyumbani na wasichana wasio na waume. Mwenye mali alizaa nyumbani kwake. Na katika hospitali hizo wanawake wengi walikuwa wamekufa kwa homa ya uzazi, kabla waganga hawajajua kunawa mikono yao kwa dawa.

Mwalimu wake mkuu alikuwa Stéphane Tarnier, mganga wa hospitali kubwa ya uzazi iitwayo Maternité. Huyu Tarnier alimpa kijana Budin swali dogo la kuchunguza, yaani kitovu cha mtoto kikatwe wakati gani. Wengi walikikata mara mtoto atokapo. Budin akapima damu iliyobaki katika kondo la nyuma, mara kwa kukata upesi, mara kwa kungoja hata kitovu kiache kupiga. Mwaka wa 1875 akatangaza ya kuwa akatwaye upesi hunyimwa damu yake mwenyewe, kadiri ya sentimeta za ujazo 92, na kwa mtoto mchanga hiyo si kidogo. Baadaye watu walilisahau neno lake kwa muda mrefu sana, na leo wakunga wanafundishwa tena kungoja. Nimelitaja kwa kuwa linaonyesha tabia ya mtu huyu. Alipenda kupima, wala hakutosheka na desturi kwa sababu tu ni desturi.

Wakati ule Tarnier alikuwa na shida nyingine. Watoto waliozaliwa kabla ya siku zao walikufa kwa baridi. Mtoto kama huyo hana mafuta chini ya ngozi, wala mwili wake hauwezi kujipasha moto. Siku moja alikwenda katika bustani ya wanyama ya Paris akaona mashine ya kuangulia vifaranga. Akamwomba mwenye kuzitunza, Odile Martin, amtengenezee nyingine itakayotosha mwanadamu. Likatengenezwa sanduku kubwa lenye kuta mbili, na chini yake maji ya moto, likaanza kutumika Maternité katika miaka ya 1880 na 1881. Kabla ya sanduku hilo, katika watoto 100 waliozaliwa na uzito chini ya gramu 2000 walikufa 66. Baada yake walikufa 38. Tarnier akaongeza pia kuwalisha wale wasioweza kunyonya kwa mpira mwembamba unaofika tumboni, kama wauguzi wafanyavyo hata leo.

Habari hiyo ilienea Ulaya yote, na watu wakastaajabia lile sanduku. Twajua sisi wenyewe jinsi kilivyo chombo kipya hospitalini: kila mtu hukitazama chenyewe, na aliyeketi kando yake hasahauliwi kwa ubaya, ila kwa kuwa macho yote yamekwenda kwingine.

Mwaka wa 1892 Budin alikuwa mganga katika hospitali ya Charité. Hapo akaanza jambo ambalo leo twaliona la kawaida, nalo ni kliniki ya watoto wanyonyao. Aliona ya kuwa wanawake hujifungua salama mikononi mwake, huenda zao wakiwa na watoto wazuri, na baada ya miezi michache asikia ya kwamba watoto wamekufa, hasa wakati wa joto, kwa kuhara kunakoletwa na maziwa machafu ya ng'ombe. Akawaagiza mama warudi kila juma. Mtoto alipimwa kwa mizani, mama akaonyeshwa uzito, akaulizwa habari za kunyonyesha, na aliyepungukiwa maziwa akapewa maziwa yaliyochemshwa vema. Mama anayesimama leo katika foleni ya kliniki, akiwa na kadi ya mtoto mkononi, yumo katika kazi iliyoanzishwa na mtu huyu. Miaka miwili baadaye, katika mji wa Fécamp, mganga Léon Dufour akaanzisha nyumba ya kugawa maziwa safi, na nyumba za namna hiyo zikaenea Ufaransa na nchi nyingine.

Lakini kazi ya Budin inayotuhusu hasa ilikuwa bado mbele. Mwaka wa 1893 mkunga mkuu wa Maternité, Bibi Henry, alikuwa amefungua nyumba ya peke yake kwa ajili ya watoto dhaifu. Yafaa jina la bibi huyu likumbukwe, maana vitabu vingi huwasifu waganga wakapita. Yeye ndiye aliyewakusanya watoto hao mahali pamoja, akawapangia wauguzi na wanawake wa kuwanyonyesha. Mwaka wa 1895 Budin akahamia Maternité, na nyumba ile ikawa chini ya uangalizi wake.

Aliyoyakuta yalikuwa mazito. Watoto wengi hawakuzaliwa hapo, bali waliletwa kutoka majumbani wakati wa baridi, wamefungwa nguo tu, na wakifika mwili umekwisha kupoa kama samaki. Hao wengi hawakupona, hata wakiingizwa katika sanduku lenye joto jema. Budin akafundisha ya kuwa matata ya mtoto dhaifu ni matatu: baridi, chakula, na magonjwa anayoambukizwa. Akaamuru mtoto alindwe na baridi tangu dakika ya kuzaliwa, si tangu saa ya kufika hospitali. Akawatenga wagonjwa na wazima. Kila mtoto akapimwa uzito na joto, na hesabu zikaandikwa.

Chakula kilikuwa taabu kubwa. Kwa watoto hawa maziwa ya mwanamke yalishinda kila kitu, basi hospitali iliajiri wanawake wanyonyeshaji. Hawa walikuwa maskini, tena walikuja na watoto wao wenyewe. Watoto dhaifu hunyonya kidogo mno, na matiti yasiyonyonywa kwa nguvu hukauka. Kwa hiyo ilifaa mnyonyeshaji awe na mtoto wake mwenye nguvu kando yake, avute maziwa yasikome. Budin aliliangalia jambo hili kwa makini, naye hapo akafika kwenye swali ambalo wenzake walilipita: mama wa kweli wa mtoto yuko wapi?

Alikuwa nyumbani kwake. Amejifungua, ameambiwa mtoto yuko mahali pema, amerudi kazini, maana asiyefanya kazi hali. Maziwa yake yamekauka katika siku chache. Juma la kwanza alikuja kutazama, juma la pili hakuja. Baada ya miezi miwili hospitali hutuma habari: mtoto amenenepa, njoo umchukue. Wengine walikuja wakampokea kama mtu anayepokea mzigo wa mwingine. Wengine hawakuja kabisa, na mtoto akaingia katika nyumba ya serikali ya watoto walioachwa.

Waganga wa siku zile walikuwa na maneno tayari kwa wanawake hao. Waliwaita wajinga na wenye moyo mgumu. Budin naye hakuwa mbali sana na mazoea ya wakati wake. Katika kliniki zake mama alifundishwa sana na kuulizwa kidogo. Lakini hapa aliona wazi kuliko wenzake. Akaandika ya kuwa mama anayezuiwa kumhudumia mtoto wake hupoteza upendo wa kumtaka, na hospitali inayomponya mtoto kwa kumtenga na mama imemponya kwa bei kubwa mno. Kosa hakuliweka moyoni mwa mwanamke, aliliweka katika utaratibu wa nyumba ile.

Basi akabadili utaratibu. Masanduku ya mbao yalikuwa yamemficha mtoto. Yeye akataka ya kioo, ili mama aweze kumtazama. Akawahimiza mama waje kunyonyesha wenyewe, kila walipoweza. Mama ambaye mtoto wake hawezi kuvuta, alimshauri amnyonyeshe pia mtoto mwingine mwenye nguvu, ili maziwa yake yasikome hata siku ambayo wake mwenyewe atakuwa tayari. Nadhani katika mashauri yake yote hili ndilo la busara kuliko mengine. Mama aliyekuwa akiketi kando akilia sasa ana kazi, na kazi ile ni ya lazima, wala hakuna mwuguzi awezaye kuifanya badala yake.

Tena tufikiri kidogo juu ya hao wauguzi. Kazi yao iliongezeka. Ni rahisi kumlisha mtoto kwa mpira kwa dakika chache kuliko kukaa na mama mwenye hofu, kumwonyesha namna ya kukamua, kumweleza kwa nini mtoto amepungua gramu 50 tangu jana, na kumwambia kweli bila kumvunja. Mwenye kupita wodini huona kazi ya sindano na ya mizani. Kazi hii ya pili haionekani, wala haiandikwi katika kitabu cha zamu. Na baba hutajwa kidogo sana katika habari za zamani. Kwetu mtu wa machimboni aliyeitwa usiku, akafika na vumbi la mwamba mwilini, mara nyingi huambiwa bei ya dawa tu. Haelezwi kwamba naye aweza kumshika mwanawe kifuani baada ya kuoga na kubadili nguo, na joto lake ni joto kama la mama.

Mwaka wa 1898, baada ya Tarnier kufa, Budin akawekwa mahali pake kuwa mkuu wa kliniki iliyoitwa kwa jina la mwalimu wake. Mwaka wa 1900 akatoa mafundisho yake katika kitabu kiitwacho Le Nourrisson, maana yake mtoto anyonyaye. Mwaka wa 1902 akashiriki kuunda chama cha Wafaransa cha kupigana na vifo vya watoto, pamoja na Théophile Roussel na Paul Strauss. Serikali iliwasikiliza, ingawa si kwa huruma peke yake. Ufaransa ilikuwa imeshindwa vita na Wajerumani mwaka wa 1871, na wakubwa waliogopa ya kuwa watoto wachache maana yake ni askari wachache. Budin alizipokea fedha zao akazitia katika maziwa na mizani.

Alifariki dunia Marseille mwezi wa Januari 1907, mwenye umri wa miaka 60. Mwaka ule ule kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza.

Ungetazamia ya kuwa kitabu kilichosomwa namna hiyo kingeshika. Sehemu moja ilishika, yaani joto, maziwa na mizani. Ile ya mama ikaanguka. Tangu mwaka wa 1896, katika maonyesho ya Berlin, masanduku yenye watoto hai ndani yake yalionyeshwa kwa watu kwa kiingilio, na Martin Couney, aliyejiita mwanafunzi wa Budin, akaendelea na biashara hiyo Marekani kwa miaka mingi. Watoto wengi walipona mikononi mwake, hilo ni kweli. Lakini mtu yeyote mwenye senti zake aliweza kuingia kuwatazama. Kisha hospitali zenyewe, kwa kuogopa maambukizo, zikafunga milango. Karibu nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, katika Ulaya na Marekani, mzazi alimwona mtoto wake dhaifu kwa dirisha, na wauguzi walifundishwa kumgusa mtoto kidogo iwezekanavyo. Hofu ile haikuwa ya bure, maana dawa za kuua vijidudu zilikuwa hazijapatikana. Hata hivyo mazoea hayo yalidumu miaka mingi baada ya dawa kupatikana, na hospitali zilizojengwa kwetu na wageni ziliyapokea pamoja na vitanda na ratiba.

Mabadiliko yalikuja kutoka mahali pa umaskini. Mwaka wa 1978 huko Bogotá, katika nchi ya Kolombia, mganga Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi kuliko mashine. Watoto wawili au watatu walilazwa pamoja, wakaambukizana, wakafa. Akamweka mtoto uchi, ila kofia na nepi, kati ya matiti ya mama yake, amefungwa kwa kitambaa, usiku na mchana. Mwenzake Héctor Martínez akaiendeleza kazi. Njia hiyo ikaitwa kangaroo, kwa jina la mnyama wa Australia abebaye mtoto mfukoni, na jina hilo limeingia katika wodi zetu. Bibi zetu wa Usukuma wangeuliza kwa nini ilibidi kwenda hata Australia kutafuta jina la kumbeba mtoto.

Hata hapo waganga wengi walisema ya kwamba njia hii ni ya mtoto aliyekwisha kupata nguvu. Yule mgonjwa kabisa, walisema, na akae kwanza katika mashine, na mama angoje. Swali lilikuwa ni lile lile la Budin, na safari hii jibu lilitafutwa karibu nasi. Hospitali tano, za Ghana, India, Malawi, Nigeria, na ya Muhimbili huko Dar es Salaam, zilishirikiana chini ya Shirika la Afya Duniani. Wakachukuliwa watoto 3211 waliozaliwa na uzito wa gramu 1000 hata 1799. Nusu yao walipewa utaratibu wa zamani, yaani mashine kwanza, na kifua cha mama baada ya mtoto kutulia. Nusu ya pili waliwekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, wengi wao kabla ya saa mbili kupita. Ili jambo hili liwezekane, wodi ya watoto mahututi ilipangwa upya. Mama naye akapewa kitanda ndani yake, akalala humo humo, na wauguzi wakajifunza kuwatunza wawili kwa pamoja, wakimpima mama damu na homa huku mtoto akipewa hewa ya kupumua juu ya kifua chake. Mama aliyekuwa mgonjwa sana, ndugu yake alimbeba mtoto badala yake.

Habari hizo zilitangazwa mwaka wa 2021. Katika siku 28 za kwanza, wale wa utaratibu wa zamani walikufa 249 kati ya 1602. Wale waliokaa kifuani walikufa 191 kati ya 1609. Uchunguzi haukufika mwisho uliopangwa. Wasimamizi wake walipoziona hesabu, waliagiza usimamishwe kabla ya wakati wake, kwa kuwa haikuwa haki tena kumwekea mtoto yeyote mama yake nje ya mlango.